Sampuli imetoka na R561H kwenye K13: je, ALu imeshindwa?

Mleta uzi ameuliza mambo mawili. Mgonjwa wa malaria wa kilo 50 alimaliza ALu (artemeta na lumefantrini), siku ya 21 akarudi na homa, sampuli ikasomwa na kukutwa na badiliko la R561H (asidi amino ya 561 imegeuka kutoka R kuwa H) kwenye jeni ya K13 ya kimelea: je, ni sawa kuandika kwamba dawa imeshindwa kwa sababu ya usugu? La pili, kwa nini madoa yake mengi ya damu kwenye karatasi ya chujio hayatoi chochote kwenye PCR (njia ya kunakili DNA ili isomwe)? Waliochangia juu wamelijibu la kwanza kwa "ndiyo" ya haraka. Mimi nasema hapana, au tuseme bado.

Kwanza, siku ya 21 alipimwa na kipimo gani? Kama ni kipimo cha haraka kinachotafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, chanya hiyo haina uzito hapa, kwa sababu HRP2 hubaki damuni wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Bila slaidi iliyosomwa kwa hadubini na vimelea kuhesabiwa, hakuna cha kujadili. Kama slaidi ipo na vimelea wameonekana, tuendelee.

ALu ni dawa mbili kwenye kidonge kimoja, na hapo ndipo wengi hupotea. Artemeta hugeuzwa mwilini kuwa dihidroartemisinini, dawa kali sana lakini isiyokaa: kila saa moja hivi kiwango chake damuni hupungua kwa nusu. Kazi yake ni kuangusha idadi ya vimelea haraka ndani ya siku tatu. Wanaosalia humalizwa na lumefantrini, ambayo hukaa damuni kwa siku nyingi. K13 inagusa upande wa artemisinini (familia ya artemeta) tu. Lumefantrini haihusiki nayo.

Inagusaje? Jeni hii iko kwenye kromosomu ya 13 na protini yake ina asidi amino 726. Kimelea mchanga, yule wa hatua ya pete, huitumia kwenye mlango wa kuingizia hemoglobini kutoka kwenye chembe nyekundu. Badiliko kama R561H au C580Y hupunguza kiasi cha K13, mlango unapungua kasi, hemoglobini kidogo inameng'enywa, na hemu (sehemu ya hemoglobini yenye chuma) kidogo inatolewa. Artemisinini haiui mpaka chuma cha hemu kiivunje na kuiamsha. Kwa hiyo pete hukaa kama imelala, dawa inapita na kuisha, kisha kimelea anaamka na kuendelea kukua. Vimelea wakubwa zaidi, ambao wanakula hemoglobini kwa wingi, bado wanakufa vizuri. Ndiyo maana WHO huuita usugu wa sehemu. Dalili yake ni vimelea kuchelewa kuondoka: idadi inachukua zaidi ya saa 5 kupungua kwa nusu, au bado wanaonekana kwenye slaidi siku ya 3. Kurudi na homa siku ya 21 si dalili yake ya moja kwa moja. Dawa mwenzi (kwa ALu ni lumefantrini) ikiwa nzima, mtu mwenye R561H anaweza kuchelewa kidogo na bado akapona kabisa.

Balaa huja dawa mwenzi nayo inapoyumba. Kambodia ndiyo mfano: C580Y ilienea, halafu vimelea hao hao wakaongeza nakala za jeni za plasmepsini 2 na 3 kwenye kromosomu ya 14, piperakwini ikapoteza nguvu, na mseto wa dihidroartemisinini na piperakwini ukaanza kushindwa kwa wagonjwa wengi. Huko ndiko kushindwa kwa tiba.

Sasa turudi kwa mgonjwa wako. Inabidi ujue kama vimelea wa siku ya 21 ni wale wale wa siku ya 0 (siku tiba ilipoanza) au ameng'atwa upya. Bila sampuli ya siku ya 0 swali hili halijibiki, na hakuna mashine itakayokusaidia. Ukiwa nazo zote mbili, unalinganisha urefu wa vipande vya jeni za msp1 na msp2, zinazotofautiana kati ya ukoo na ukoo wa vimelea, ukiongeza alama ya tatu. Zamani alama hiyo ilikuwa jeni ya glurp. Siku hizi WHO inashauri kutumia maikrosatelaiti moja (kipande kifupi cha DNA kinachojirudia) badala yake, na naona ni uamuzi mzuri: vipande vya glurp ni virefu, na mtu akiwa na koo tatu au nne za vimelea kwa pamoja, PCR hupendelea aleli (matoleo ya jeni) fupi na kuzimeza ndefu. Unaona ukoo "mpya" siku ya 21, kumbe ulikuwepo siku ya 0 kwa uchache ukafichwa. Kwenye maeneo ya maambukizi mengi, kosa hili peke yake linaweza kugeuza kurudi kwa ugonjwa kuwa "maambukizi mapya" na kuifanya dawa ionekane nzuri kuliko ilivyo.

Tuseme imethibitika ni wale wale. Bado uliza dozi. Kwa vidonge vya 20/120 mg, kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge 1 kwa dozi, 15 hadi chini ya 25 ni 2, 25 hadi chini ya 35 ni 3, na 35 kwenda juu ni 4. Wako alistahili 4 kwa saa ya 0, 8, 24, 36, 48 na 60. Makosa ya kawaida ni dozi ya pili kusogezwa hadi kesho yake asubuhi, kumeza bila chakula chenye mafuta (lumefantrini hunyonywa vibaya sana tumboni bila mafuta), na kutapika ndani ya saa moja bila kurudia dozi. Kama kuna damu ya siku ya 7, pima lumefantrini: 200 ng/ml ndicho kiwango kinachotumika sana kama mpaka. Chini ya hapo, vimelea wamekutana na dawa haba, na jeni zao hazina kesi ya kujibu.

Si kila badiliko la K13 lina maana, pia. A578S hukutwa Afrika mara nyingi na halihusiani na usugu, ingawa liko hatua mbili tu kutoka C580Y na huwatia watu hofu bure. Yenye uzito ni kama C580Y, R539T, I543T na Y493H ya Kambodia na jirani zake. R561H iliyoonekana Rwanda na baadaye Kagera. C469Y na A675V za kaskazini mwa Uganda. R622I ya Eritrea na Ethiopia. Hizi za Afrika zilizaliwa hapa hapa. Usugu wa klorokwini ulikuwa tofauti, maana aleli ya jeni ya pfcrt yenye asidi amino CVIET kwenye nafasi za 72 hadi 76 ilisafiri kutoka Asia.

Kuna mtego mwingine kwenye jeni nyingine, pfmdr1. ALu huchagua N86 (vimelea wenye nayo ndio husalia), ambayo ndiyo aleli ya asili. Klorokwini na amodiakwini huchagua 86Y. Kwa hiyo ukiona ripoti imeandika "N86, hakuna badiliko", usisome kwamba kila kitu ni salama. Maana yake ni kwamba vimelea hao wanavumilia lumefantrini kidogo zaidi na amodiakwini kidogo pungufu. Kuvumilia kidogo hakutoshi kuitwa usugu, lakini N86 ikijumlishwa na R561H kwenye sampuli moja, hapo mimi ningefuatilia kwa karibu.

Haya, karatasi za chujio. Nyingi huharibika kabla hazijafika maabara. Doa liwe na mikrolita 50 za damu na lipenye mpaka upande wa pili wa karatasi (Whatman 3MM inatosha). Andika namba kwa penseli. Kausha kwa joto la kawaida, kivulini, usiku kucha, karatasi zisigusane. Watu huzianika juani au kuzipulizia hewa ya moto ili ziwahi, na joto huigandisha protini ya damu kwenye nyuzi za karatasi hata DNA ikagoma kutoka. Zikikauka, kila moja na mfuko wake wa zipu na silika jeli yenye rangi ya kuonyesha unyevu. Rangi ikigeuka, badilisha silika. Doa lililofungwa likiwa bichi huota ukungu, na DNA yake hukatika vipande vipande.

Hapo ndipo penye jibu lako, nadhani. PCR ya K13 inayotumiwa na wengi ina hatua mbili: ya kwanza inatafuta kipande cha besi 2,097, ya pili ndani yake kipande cha 849 kinachobeba eneo la propela (sehemu ya K13 yenye mabadiliko ya usugu). DNA iliyokatika haiwezi kutoa kipande cha 2,097 hata ukizungusha mashine mpaka kesho. Kabla ya kutupa sampuli, jaribu PCR ya kipande kifupi cha jeni ya 18S. Ikitoka, DNA ipo ila imekatika, na dawa yake ni praima (vipande vya DNA vinavyoanzisha unakili) zinazokata eneo hilo kwa vipande vifupi. Isipotoka, shuku utoaji wa DNA.

Kama unatumia Chelex (punje za kutolea DNA), angalia jambo hili kwa makini. Unaloweka vipande vya doa kwenye saponini ya 0.5% ndani ya PBS usiku mzima kwa nyuzi 4, unasuuza kwa PBS mpaka wekundu uishe, unaweka Chelex ya 5% kama mikrolita 150, unachemsha dakika 10, unazungusha kwenye sentrifuji, unachukua maji ya juu. Ukivuta hata punje chache za Chelex, PCR imekufa: punje hizo hunasa magnesiamu, na kimeng'enya bila magnesiamu hakifanyi kazi. Jeli inatoka tupu na wewe unalaumu sampuli. Zungusha tena, vuta kutoka juu kabisa bila kugusa chini, kisha weka sampuli moja kama ilivyo na nyingine ikiwa imepunguzwa mara 10. Iliyopunguzwa ikitoka na nzito isitoke, kuna kizuizi. Wekundu uliobaki husababisha hali hiyo hiyo, na damu iliyochukuliwa kwenye mrija wa heparini pia. Tumia mrija wa EDTA.

Upande wa pili wa shilingi ni PCR inayotoa vizuri mno. Kufungua mirija ya hatua ya kwanza yenye mabilioni ya nakala ni njia rahisi ya kuchafua chumba kizima. R561H ni herufi moja tu, G kuwa A, kwa hiyo uchafu kidogo unaonekana kama ugunduzi. Weka kontroli hasi (sampuli isiyo na vimelea) katika hatua zote mbili, karatasi tupu isiyo na damu ikiwemo, na usitumie vimelea wenye badiliko unalolitafuta kama kontroli chanya kwenye sahani ya hatua ya kwanza.

Ukisoma mpangilio wa DNA kwa njia ya Sanger, soma pande zote mbili na uangalie mawimbi kwa macho yako, usiiachie programu. Vilele viwili kwenye herufi moja ni mchanganyiko wa koo, andika mchanganyiko. Ukoo ulio chini ya asilimia 20 hivi Sanger hauoni. Kwa hao unahitaji usomaji wa kina wa vipande.

Kwenye fomu yake kwa sasa ningeandika: "Vimelea wameonekana siku ya 21, K13 R561H, ulinganisho na siku ya 0 unasubiriwa." Tiba isisubiri ulinganisho huo. Akirudi na vimelea ndani ya siku 28, apewe mseto mwingine ulio kwenye mwongozo wa nchi, na akiwa na dalili za malaria kali, artesuneti ya sindano. Doa moja la siku ya 21 libaki bila kukatwa, kwenye mfuko wake.