RP ichague mwenyewe, usiuachie mtandao ukuchagulie

Kipindi cha Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, ni nadra kukuta ofisi Dodoma isiyo na skrini inayoonyesha kikao. Mapokezi ipo, ukumbi wa mikutano ipo, kwa mkurugenzi ipo, hadi kantini. Sasa piga hesabu ya jengo lenye skrini 60, kila moja ikivuta peke yake mkondo wa megabiti 8 kwa sekunde: swichi kuu inabeba megabiti 480 za picha ileile. Kwa maltikasti, yaani mkondo mmoja kutumwa mara moja na kugawiwa kwa wanaoutaka tu, inabeba 8. Ndiyo maana tangu ofisi za Serikali zianze kuhamia huku na majengo kuota Mtumba, mafundi mtandao wengi wa hapa tumejikuta tunashika PIM, itifaki ambayo ruta hupitishia maltikasti, na wengi huianza kwa kunakili konfigi ya mradi mwingine.

Ushauri wangu ni huu, na mengine yote yanatoka humo: amua kwa mkono wako ruta ipi itakuwa RP (rendezvous point, ruta ya kukutanishia), na ya makundi yapi, kisha ziba njia ili kifaa kingine kisijitangaze.

Kwa aliye mgeni wa mambo haya, ruta ya upande wa mtazamaji inajua kuna mtu anataka kundi fulani, yaani anwani ya mkondo, tuseme 239.192.10.1, lakini haijui picha inatoka wapi. Ruta ya upande wa seva inajua picha inatoka wapi, haijui nani anaitaka. RP ni kama dalali wa viwanja kule Iyumbu: mnunuzi anakwenda kwake, muuzaji anakwenda kwake, wakishajuana wanamalizana wenyewe. Kwenye ruta za Cisco, usipobadilisha kitu, kuachana huko na RP hutokea pakiti ya kwanza inapofika. Kwa hiyo RP haihitaji kuwa ruta yenye nguvu kupita zote. Cha lazima ni kwamba ruta zote zikubaliane ni ipi. Mbili zikiwa na majibu tofauti juu ya kundi moja, mtazamaji anapata skrini nyeusi na hakuna taa nyekundu inayowaka popote.

Kukubaliana huko kunapatikana kwa kuandika anwani ya RP kwa mkono kwenye kila ruta, au kwa Auto-RP ya Cisco, inayotumia 224.0.1.39 na 224.0.1.40, au kwa BSR (bootstrap router), iliyoandikwa kwenye RFC 5059 ya mwaka 2008, RFC zikiwa hati za viwango vya intaneti. Auto-RP naipita haraka: kama vifaa vyako ni vya kampuni tofauti, na majengo mengi ninayoingia yako hivyo, achana nayo.

BSR ndiyo inayostahili maneno. Kila ruta inayogombea kuwa RP inajieleza kwa BSR, BSR inasambaza orodha ya wagombea mtandao mzima, kisha kila ruta inapiga hesabu yenyewe. Hesabu hiyo ina mpangilio, na mpangilio ndio unaowaumiza watu. Kwanza hutazamwa nani ametangaza safu finyu zaidi ya makundi, yaani maski ndefu. Wakilingana, kinaangaliwa kipaumbele. Wakilingana tena, inakuja heshi, namba inayokokotolewa kutoka anwani ya kundi na ya mgombea. Bado sawa, anwani ya IP iliyo kubwa inachukua. Rudia kusoma hatua ya kwanza. Wewe ukitangaza 239.0.0.0/8 kwa kipaumbele kizuri, na mwingine akatangaza 239.192.0.0/16 kwa kipaumbele kibovu, amekushinda kwenye makundi hayo yote na kipaumbele chako hakijaangaliwa kabisa.

Mtego mwingine uko kwenye namba. Kwa mgombea wa RP, namba ndogo ya kipaumbele ndiyo inayoshinda. Kwa mgombea wa BSR, namba kubwa ndiyo inayoshinda. Nani alipanga hivyo sijui, lakini ndivyo ilivyo. Juu ya hapo, RFC inataka mgombea wa RP asiyewekewa kitu aanze na 192, ilhali Cisco IOS huanza na 0, ambayo ni bora kuliko zote. Unaweka 10 kwa uangalifu kwenye ruta uliyoichagua, na jirani yake ambayo hakuna aliyeigusa inachukua kazi. Heshi nayo, kwa pendekezo la RFC, hutumia maski ya 30, maana yake makundi manne yanayofuatana huangukia RP moja. Ukitaka mzigo ugawanyike kati ya RP mbili, usizipange chaneli zako zote ndani ya manne hayo.

Chuo kimoja hapa mjini kilileta swichi ya tabaka la tatu, ile inayofanya pia kazi ya ruta, kutoka jengo lao jingine na kuifunga kwenye tawi lililounganishwa kwa redio. Ndani yake ilibaki konfigi ya zamani iliyojitangaza kuwa RP wa /16. Ruta zote zikahamia kwake. Waliokuwa wanatazama tayari waliendelea kutazama bila shida, maana walishaunganishwa na chanzo moja kwa moja. Aliyewasha skrini upya alikutana na giza, au picha ya kukatika-katika, kwa sababu maombi yake na pakiti za mwanzo zilikuwa zinapanda na kushuka kwenye redio ile nyembamba. Lawama zilikwenda kwa visimbuzi, na vingine vilishabadilishwa nilipoitwa. Amri ya `show ip pim rp mapping` ilitaja anwani ambayo hakuna aliyeitegemea, mambo yakaishia hapo. Nikikuta kikosi kinabishana kuhusu kisimbuzi au kebo, amri hiyo ndiyo ya kwanza kuipiga.

Kwa mtandao wa jengo moja au matatu yenye ruta unazoweza kuzihesabu, BSR ni mzigo usio na faida. Andika RP kwa mkono, na uipe anwani ya lupubeki, ile isiyofungwa kwenye poti yoyote, ili kebo moja ikifa RP isife nayo. Kwenye Cisco ongeza neno `override` mwishoni. Usipoliweka, RP iliyosikika kwa Auto-RP au BSR inaipiku ile uliyoiandika wewe. Watu wengi hudhani ni kinyume.

Kuhusu RP kufa: umeme wetu tunaujua, na radi za masika za huku hazina adabu. Weka RP mbili zenye anwani moja ya /32, kila ruta kwa lupubeki yake, na OSPF, itifaki ambayo ruta hutafutia njia, itampeleka kila mmoja kwa iliyo karibu. Moja ikizima, nyingine inapokea ndani ya muda ambao OSPF inagundua, sekunde chache. Kwa BSR ungesubiri: mgombea hujitangaza kila sekunde 60, na akinyamaza huhesabiwa hai hadi sekunde 150. RP zako mbili za anwani moja lazima ziambizane vyanzo, ama kwa MSDP au kwa njia ya RFC 4610 iliyo ndani ya PIM yenyewe. Na tafadhali, andika kitambulisho cha OSPF kwa mkono kwenye kila moja. Ukiiachia ruta ijichagulie, zote mbili zinaweza kuchukua anwani ile ya pamoja, na hapo hutakuwa na tatizo la maltikasti peke yake, njia zote zitayumba.

Sasa vichujio. Naanzia pembeni, siyo kwenye RP. Poti inayokwenda kwa watumiaji haina sababu ya kuwa na jirani wa PIM. Kwenye Cisco `ip pim passive` inamaliza kazi, na swichi kama ile ya chuoni isingepata hata mtu wa kumsalimia. Mpakani, pale unapokutana na mtandao wa taasisi nyingine au wa mtoa huduma, weka `ip pim bsr-border` hata kama wewe hutumii BSR. Ukilazimika kubaki na Auto-RP, kichujio cha matangazo kinawekwa kwenye ruta inayotoa uamuzi, na kama ziko mbili orodha ziwe zilezile herufi kwa herufi.

Kwenye RP yenyewe, `ip pim accept-register` inasema seva zipi zinaruhusiwa kusajili picha kwenye makundi yapi. Nakala yake iwe kwenye RP zote mbili. Lakini usiitegemee kupita kiasi. Kama ruta iliyo karibu na mtumaji haramu tayari ina watazamaji wa kundi hilo, itawapelekea pakiti zake bila kumuuliza RP. Ndiyo maana orodha ya kuzuia inatakiwa pia kwenye poti ya mtumiaji: kompyuta ya kawaida isitume chochote kwenda 239.192.0.0/14.

Safu hiyo ndiyo ninayoitumia, imetengwa kwa matumizi ya ndani ya taasisi tangu RFC 2365 ya mwaka 1998. RP naifungia humo tu. Usipofanya hivyo, utaona 239.255.255.250 imejaa kwenye jedwali la kila ruta. Hiyo ni kelele ya laptopu na televisheni zinazotafutana. Epuka pia 239.0.0.x na 239.128.0.x, kwa sababu anwani zake za MAC zinagongana na za 224.0.0.x na swichi nyingi zitazimwaga kila poti. Safu ya 232.0.0.0/8 haihitaji RP kabisa. Kama visimbuzi vyako vinaweza IGMPv3, toleo la tatu la itifaki ambayo kifaa huombea kundi, hamia huko na nusu ya makala hii haikuhusu.

Kwa matawi ya Kongwa au Manyoni yaliyofungwa kwa redio, weka `ip multicast boundary` kwenye kiungo na uruhusu chaneli wanazozihitaji pekee. Makundi ya kamera za ulinzi yabaki jengoni. Kamera chache za picha safi zinatosha kuimaliza redio ya aina hiyo.

Kila kichujio kipya kiweke Bunge likiwa halikai, na ukijaribu usiridhike na skrini iliyokuwa imewaka tayari. Zima kisimbuzi, subiri dakika kadhaa hadi hali ya zamani ifutike kwenye ruta, ndipo uwashe. Kisha fanya hivyo RP moja ikiwa imezimwa.

Na ikitokea picha inakuja vizuri, halafu baada ya dakika nne na kitu inakatika yenyewe, RP yako haina kosa, usiichokonoe. Swichi inachuja kwa IGMP kwenye VLAN (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi) isiyo na mwulizaji, kifaa cha kuuliza kila mara nani bado anatazama, na baada ya sekunde 260 hivi inasahau nani alikuwa anatazama. Washa mwulizaji kwenye VLAN hiyo.