Ukitaka maonyesho makubwa yaje Mombasa, anza na chumba

Kati ya 2017 na 2019 kulikuwa na maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi, vitu vingine viliazimwa kutoka makumbusho za huku Kenya, yakazunguka miji mitatu na yote ni ya Marekani: Champaign, Washington na Los Angeles. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini wanaosema ati tumekosa kwa sababu Mombasa hakuna wapenda sanaa mimi siwakubali, manake nimesaidia kupokea kazi za wasanii wa nje hapa na watu huja, tena na watoto.

Shida ni jengo. Mwenye kazi za sanaa, kabla hajasema ndio, anataka ripoti ya jengo: mlango una upana gani, lori litasimama wapi, nani analinda usiku, stima ikipotea jenereta inachukua muda gani kuwaka, na zaidi ya yote unyevu wa hewa. Makumbusho nyingi hudai asilimia 50 hivi, ikipanda au kushuka iwe 5 tu, usiku na mchana. Sasa hewa yetu unaijua, na masika ndo usiseme. Nishaona mahali AC inazimwa jioni ili bili isipande, asubuhi ukiangalia michoro ya karatasi imefanya mawimbi ndani ya fremu, na ile haikunyooka tena.

Kwa hivyo nunua kipima unyevu kinachorekodi, kiwache chumbani mwaka mzima, hiyo rekodi ndo utakayowaonyesha. Na uchague kazi zinazolifaa jengo ulilo nalo. Fort Jesus, ile ngome ya hapa Mombasa iliyo makumbusho, kuna vyombo vilivyotolewa kwenye meli ya Mreno iliyozama hapo mbele 1697, vyungu na mawe vinavumilia pwani, karatasi na nguo hazivumilii.

Halafu usiombe peke yako! Gharama ya kusafirisha kreti na bima hugawanywa kati ya miji, kwa hivyo tafuta Nairobi, Dar au Zanzibar muombe pamoja, vyumba viwe vya ukubwa unaokaribiana. Muombe mapema pia, manake kazi za karatasi huwekwa kwenye mwanga hafifu, kama laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), kwa miezi michache kisha zinapumzishwa gizani, yaani hiyo safari haina vituo vingi na vilivyopo hujazwa miaka miwili mitatu kabla.