Mlango wa siri wa kabati la vitabu: niliyojifunza nikikarabati nyumba baada ya Beryl

Tarehe 8 Julai 2024 alfajiri kimbunga Beryl kiliingia Texas kupitia upande wa Matagorda, sisi tupo Houston, tumelala sebuleni chini wote wanne kwasababu mama watoto alikataa kabisa watoto walale juu. Namshukuru mpaka leo. Asubuhi msonobari ukaangukia paa, tawi likatoboa mpaka kwenye kile chumba kidogo cha juu tulichokuwa tunakiita ofisi, mvua ikawa inaingia kama bomba, dari ya jipsam ikalowa ikashuka nzima nzima juu ya meza, alafu maji yakateremka na ukuta wa ngazi mpaka chini. Droo ya meza ile ndo ilikuwa na pasipoti zetu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa na karatasi za kiwanja cha Tanga alizoniachia marehemu baba. Zile za baba wino ulikimbia. Nilikaa chini pale kwenye maji nikalia, sioni aibu kusema.

Naandika hii kwasababu kuna watu wawili watatu walikuja nyumbani wakaona ule mlango wetu wa siri, kabati la vitabu linalofunguka kama mlango, wakatamani na wao, na kila mmoja anaanza na swali la kitasa cha siri kinafanyaje kazi. Kitasa ndo kitu cha mwisho kabisa. Kazi yote iko kwenye ukuta, na ukuta uliolowa una mambo yake.

Wazo lenyewe halikutoka mtandaoni. Tulivyobandua jipsam iliyolowa pembeni ya ngazi tukakuta chini ya ngazi kuna uwazi mkubwa tu, umezibwa toka nyumba inajengwa, mtu mzima anaingia akiinama. Mama watoto akasema hapa ndo pa kuweka karatasi zetu, katikati ya nyumba, mbali na paa, mbali na dirisha. Mimi nikaongeza kwamba nataka mlango wake uwe kabati la vitabu maana vile vitabu vya Kiswahili nilivyobeba kwenye masanduku toka Dar miaka yote hii vilikuwa kwenye maboksi, na watoto wanakua hawavioni.

Sasa cha kwanza, kausha. Najua kila mtu anasema hivo lakini hatukaushi inavyotakiwa. Ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 24 mpaka 48, na sisi umeme ulikatika siku sita, wateja zaidi ya milioni 2.2 walikuwa gizani, joto la Julai la Houston unalijua. Ilibidi tubandue jipsam yote iliyolowa na kutoa ile sufi ya kuzuia joto ya ndani ya ukuta siku ya pili tu, tukaacha mbao wazi, madirisha wazi, tukaazima jenereta kwa ajili ya feni, umeme uliporudi tukakodi mashine ya kunyonya unyevu. Jenereta weka nje mbali na milango na madirisha, moshi wake unaua watu kila baada ya kimbunga.

Fundi wetu wa mbao ni kaka mmoja wa Bukavu, mtulivu sana, alikuja na kale kapima unyevu kenye sindano mbili akakachoma kwenye mbao akanionyesha, asilimia 24. Nikamwambia kwa nje mbona panaonekana pakavu, akasema "Mukubwa, hii mbao ingali na maji, tungoye." Nilikuwa nina haraka, nilitaka watoto wawe na nyumba kabla shule hazijafunguliwa, ila tukangoja wiki tatu na zaidi mpaka ikashuka chini ya 15. Ukifunga ukuta na maji ndani, ukungu utaota nyuma ya jipsam mpya na wewe huoni, na kwenye mlango wa kabati ni mbaya zaidi, kwasababu mbao ikikauka baadae inasinyaa na kupinda, na mlango ulioukata kwa kipimo cha mbao mbichi hautafunga tena.

Kuhusu bima ntasema kidogo tu. Huku Texas kwenye bima nyingi za nyumba makato ya upepo ni asilimia ya kiasi ulichokatia nyumba, kwahiyo kama ni dola 300,000 na makato asilimia 2, dola 6,000 za kwanza unalipa wewe mwenyewe. Akija kontrakta mlangoni akakwambia atakusamehe hayo makato, mkimbie, toka 2019 hilo ni kosa kisheria hapa. Na jimbo halitoi leseni ya ufundi wa paa, kwahiyo mtu yeyote mwenye pikapu anaweza kujiita fundi, omba namba za watu aliowafanyia kazi uwapigie. Mimi wa kwanza niliyempa malipo ya awali alipotea na hela. Na bima inarudisha kilichokuwepo, haikununulii kabati. Huo mlango ulitoka mfukoni kwetu, kama dola 1,400 hivi mbao na vyuma na ufundi, tukauweka kwenye karatasi tofauti kabisa na za bima ili hesabu zisichanganyike.

Ukuta ukiwa wazi ndo wakati wa kuamua, maana baadae utalipa kubomoa tena. Mbao za kusimama za ukuta zimepangwa inchi 16 katikati kwa katikati, kwahiyo mlango wa inchi 30 na kitu lazima ukate angalau moja, na ukuta wa pembeni ya ngazi mara nyingi umebeba ngazi yenyewe au ghorofa ya juu. Usikate kabla mtu anayejua hajakwambia umebeba nini. Sisi tuliomba kibali, mkaguzi akaja, ikawekwa linta ya mbao mbili nene juu na mbao za kuibeba kila upande. Alafu mkaguzi akatuonyesha kitu ambacho sikukijua kabisa, kwamba ukigeuza chini ya ngazi kuwa stoo ya kuingilika, ndani yake, kuta na ule mgongo wa ngazi kwa chini, lazima vifunikwe jipsam ya nusu inchi. Sababu yake inaingia akilini: moto ukianzia stoo, ngazi ndo njia ya kushukia watoto, ile jipsam inawapa dakika za kutoka. Usiache mbao uchi kwa sababu "hakuna anayeona ndani".

Sasa kabati. Hapa wengi wanakwama kwasababu wanafikiria ni mlango wenye shelfu. Mlango wa kawaida una unene wa inchi moja na nusu hivi, kabati lina kina, na kile kina kinapozunguka kinahitaji nafasi. Chukua Pithagorasi ya sekondari: kabati upana inchi 30, kina inchi 8, bawaba iko kona ya mbele, linafunguka kuja sebuleni. Kona ya nyuma ya upande wa pili iko umbali wa inchi 31 na kidogo toka kwenye bawaba, maana yake upande wa kitasa unahitaji uwazi unaozidi inchi moja, la sivyo kona inagonga fremu na mlango haufunguki kabisa. Ukitaka kina cha inchi 12 ni inchi 32.3, uwazi zaidi ya inchi mbili na robo. Sisi tulibaki na 8, vitabu vingi vya kawaida vinaingia. Ule uwazi unafichwa na ubao wa pambo uliogandishwa kwenye kabati lenyewe unaolalia ukuta, lakini upande wa bawaba ubao ugandishwe ukutani, ukiugandisha kwenye kabati unakwama. Tulipoteza Jumamosi nzima kwa hilo.

Alafu uzito. Futi moja ya vitabu nilivyopima kwa mizani ya bafuni ilikuwa kama kilo 9. Shelfu tano za futi mbili na nusu ni zaidi ya kilo 110, kabla ya mbao yenyewe. Bawaba tatu za mlango wa kawaida tulizoanza nazo hazikumaliza mwezi, kabati lilianza kuinama upande wa kitasa na kukwaruza sakafu. Tukatoa tukaweka zile egemeo za chuma za juu na chini ambazo mlango unazungukia, uzito wote unakaa kwenye ile ya chini, na skrubu za inchi tatu zinazofika kwenye mbao za ukuta. Kuna wanaoweka gurudumu dogo chini, mi sikushauri labda sakafu yako iwe imenyooka kabisa, na nyumba iliyopata maji mara chache sakafu inanyooka. Tulitembeza pimamaji kwenye lile duara lote mlango unalopita, tukakuta mgongo wa karibu robo inchi katikati, ikabidi tuache nafasi ya nusu inchi chini na kuificha na ubao mwembamba. Mbao tumia plaiwudi, ile ya unga wa mbao iliyogandishwa ni nzito na ikipata maji inavimba kama mkate. Vitabu vizito panga upande wa bawaba, picha na vitu vyepesi upande wa kitasa.

Na hili naomba ulishike sana. Mlango wa siri usiwe mtego. Wetu hauna kufuli, unashikwa na sumaku mbili tu, ukisukuma kwa ndani unafunguka, na binti yangu wa miaka sita nilimfundisha kuufungua yeye mwenyewe gizani mara nyingi mpaka nikaridhika. Ndani kuna taa ya betri na king'ora cha moshi. Usiufiche mlango wa chumba ambacho mtu analala, zimamoto wakija usiku wanatafuta milango, hawatafuti vitabu. Na usijidanganye kwamba ni chumba cha kujikinga na upepo, FEMA, shirika la maafa la serikali ya Marekani, wana viwango vyao kwa vyumba hivyo na milango yake inapimwa kwa kurushiwa mbao, kabati la plaiwudi halimo humo.

Karatasi zenyewe ziko ndani ya mfuko usioingiza maji, ndani ya kasha dogo la kuhimili moto, kwenye shelfu ya futi tatu toka sakafuni, kwasababu hapa Houston maji ya 2017 ya kimbunga Harvey hayakutokea juu, yalitokea chini. Nakala zote ziko kwenye simu ya mdogo wangu Tanga.

Zile za kiwanja cha baba tulizitandaza moja moja juu ya taulo, katikati tukaweka karatasi nyeupe tunabadilisha kila baada ya masaa machache, siku nne. Sahihi yake inasomeka nusu. Mama yangu alivyokuja mwezi wa pili nikamfungulia lile kabati, akaingia akiinama, akakaa kwenye kigoda humo ndani akaitoa ile karatasi yenye sahihi akaishika muda mrefu, na binti yangu akawa anamshikia taa.