Kwa mnaoanza kazi ya mpakani: angalieni kikao

Wadogo zangu mliofika Kisumu wiki hii,

Jumanne tulipokaa Dunga kula ngege, mmoja wenu aliniuliza kama kweli amani ya kudumu kati ya mataifa inawezekana, au kama mishahara yetu ni ya kazi isiyo na mwisho. Akataja Goma, mji wa mashariki ya Kongo. Kongo na Rwanda, alisema, ziko pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, zimetia saini mkataba mmoja, na bado Januari 2025 mji ule ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Meza nzima ikanyamaza kunitazama. Sikumjibu sawasawa siku ile, na swali lenyewe si la kujibiwa mtu akiwa na mwiba wa samaki mkononi. Najibu leo.

Naamini inawezekana. Nimekuwa karani wa vikao vya wavuvi wa Kenya na Uganda kwa miaka kumi na sita, na nimeona ugomvi mwingi ulioiva kabisa kuwa vita ukapoa. Nimeona pia mdogo kabisa, wa nyavu mbili, ukikaribia kuleta maafa. Baada ya miaka hiyo yote kuna kitu kimoja tu ninachokiangalia: je, watu bado wanaketi? Mataifa yakikasirikiana huku vikao vinaendelea, mimi hulala. Siku upande mmoja unapoacha kuja, hata kama magazeti yanaandika udugu na ujirani mwema, nakosa usingizi.

Kwanza jueni mnasimama wapi. Reli ilipofika hapa Desemba 1901, Kisumu ilikuwa Uganda. Ndiyo maana ikaitwa Reli ya Uganda, na hapa ilikuwa imefika kwao. Mwaka uliofuata, 1902, Waingereza wakachukua Mkoa wa Mashariki wa Uganda, nchi yote hii ya magharibi hadi Bonde la Ufa, wakautia upande wa pili wa daftari, ule uliokuja kuitwa Kenya. Hakuna mzee wa Nyanza wala wa Samia aliyeulizwa. Wasamia wakabaki nusu huku nusu kule, Wateso vivyo hivyo, na nyumba ambazo zilikuwa zikioleana tangu zamani zikaambiwa zinaoana na wageni.

Miaka sabini na minne baadaye, Februari 1976, Idi Amin aliufufua mstari ule wa zamani na kudai kwamba magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Wazee wa Busia bado wanaikumbuka hofu ya mwaka ule. Tena Desemba 1987 risasi zililia palepale Busia, askari wa nchi mbili wakipigana, watu wakafa. Lakini angalieni kilichofuata: kabla mwaka haujaisha, Moi na Museveni walikutana Malaba, mpakani, na magari yakaanza kupita tena. Hawakuwa marafiki, kila mmoja alimshuku mwenzake. Waliketi hivyo hivyo na tuhuma zao.

Sasa linganisheni na Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, ile ya Kenya, Uganda na Tanzania. Ilikuwa na shirika moja la ndege, reli moja, posta moja, mambo ambayo hata leo hatujayafikia. Amin alipomwondoa Obote Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye, na baraza la marais watatu halikukutana tena. Sababu zake zilikuwa za haki, sitamlaumu. Ila Jumuiya iliendelea kwa miaka sita kama nyumba ambayo wenye nyumba hawasemezani, wafanyakazi wakipeana barua, mpaka 1977 ikafa. Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, ukakaa umefungwa hadi 1983. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, na Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yakaingia Kampala. Nchi mbili kati ya tatu zilizokuwa na posta moja!

Lakini iko sehemu ya hadithi hiyo ambayo mimi huipenda, na vitabu vingi huipita haraka. Mali ya Jumuiya ilibidi igawanywe: ndege, meli, mabehewa, madeni. Mpatanishi Mswisi, Victor Umbricht, alihangaika nayo kwa miaka, na mkataba wa mgawo ukatiwa saini Arusha mwezi wa Mei 1984. Ndani ya karatasi hiyo ya talaka waliweka kipengele kinachosema nchi tatu zitaangalia njia za kushirikiana tena baadaye. Mlango ulioachwa wazi kidogo. Mkataba mpya wa Novemba 1999 ulipitia mlango huo. Kwa hiyo mtakapoandika makubaliano yoyote, hata ya kumaliza uhusiano, ulizeni: mkutano ujao ni lini?

Mtaniambia hayo ni ya marais, sisi ni watu wa ufuoni. Basi tushuke ufuoni.

Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Karirini tarakimu hiyo, maana itawasaidia msiwe na hasira za bure. Wavuvi wetu ni wengi, maji yetu ni kidogo, na samaki mbuta hajui kwamba amepita mpaka. Mvuvi wa kwetu akikamatwa na doria, mara nyingi kweli alikuwa maji ya watu. Mara nyingine hakuwa. Msifike kikaoni mkiwa mmeshaamua kwamba sisi ndio tunaoonewa siku zote.

Migingo ni mfano wenyewe. Ni jiwe la karibu nusu ekari katikati ya maji, limejaa vibanda vya mabati mpaka ukingoni, na mwaka 2009 liliwachemsha watu hata vijana wa Kibera waking'oa reli ya kwenda Uganda. Rais Museveni alisema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda. Magazeti yakacheka, ila kwa mvuvi kauli ile ilikuwa na uzito, kwa sababu kinacholisha watu ni maji. Wapima ardhi wa nchi zote mbili wakatumwa kuufuata mstari uliochorwa katika amri ya Uingereza ya mwaka 1926. Mabishano hayajaisha mpaka leo. Wala vita haikuja. Watu waliozoea kusema "suala halijatatuliwa" kana kwamba ni aibu, mimi nawaomba wahesabu hiyo miaka yote ambayo limebaki mezani bila bunduki kulichukua.

Niwasimulie kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi hii kuliko semina zote.

Nilikuwa na mwaka wa tatu. Doria ya upande wa pili ilikuwa imechukua mashine tatu za boti zetu. Wenye boti walikuwa wamekaa nyuma yangu wakinung'unika, na mimi nikaandika kumbukumbu kwa mkono, nakala mbili, kama ilivyo desturi. Niliandika: "mashine tatu zilizoibwa na askari." Sikufikiri. Ndivyo kila mtu ufuoni alivyokuwa akisema. Karani mwenzangu kutoka Uganda, mzee mpole ambaye tulikuwa tukigawana chapati, alisoma mstari huo akarudia kuusoma. Hakugomba. Aliikunja karatasi mara nne, akaiacha juu ya meza, akawaambia watu wake kwa Kisamia twendeni, wakaingia ndani ya boti.

Miezi minne hatukuketi. Katika miezi hiyo nyavu za omena zilikatwa usiku, kila upande ukisema ni wale wengine. Kijana mmoja wa kwetu alivunjwa mkono kwa kasia. Zamani jambo kama hilo lingeisha kwa simu moja kabla ya jua kuchomoza, na sasa nambari ilikuwepo lakini hakuna aliyekuwa na uso wa kuipiga. Vijana wakaanza kwenda ziwani na mapanga. Naliandika hili nikiwaona bado, wakiyafunga kwa magunia chini ya taa.

Aliyetuokoa ni mama mmoja muuza samaki, ana binti walioolewa pande zote mbili. Alikutana na yule mzee matangani, ng'ambo, akamwuliza mbele ya watu kama amemkasirikia karani au amewakasirikia wajukuu zake. Baada ya wiki mbili nilipata ujumbe: badilisha neno. Nikaandika upya, "mashine tatu zilizozuiliwa." Herufi chache tu. Walikuja, na mashine mbili kati ya tatu zilirudi. Ya tatu haikurudi mpaka leo, na mwenyewe ananisalimia kwa shida.

Tangu siku hiyo sina neno dogo. "Mwizi" ni neno la mahakama. "Wale" ni neno baya kuliko linavyosikika, andikeni jina la ufuo. Hata samaki: sisi tunasema omena, Waganda mukene, Watanzania dagaa, nami huandika yote matatu mara ya kwanza, ili asiwepo anayehisi amekuja kuzungumza kwa lugha ya mwenye nyumba.

Jambo la kuanzia kwenye ajenda pia lina nafasi yake. Mimi huanza na waliozama. Katika miaka yangu yote, hata ile miezi minne mibaya, sijaona upande ulioopoa maiti ya upande mwingine ukakataa kuirudisha. Inafunikwa turubai, simu inapigwa, boti inakutana na boti katikati ya maji na watu wanavua kofia. Mkianza na hilo, mkataja majina, mkanyamaza kidogo, watu wanafika kwenye habari ya mashine na nyavu wakiwa wanajuana.

Wenye kusoma mambo ya Ulaya watanipinga kwamba kule amani ililetwa na utajiri. Ulisaidia, sikatai. Ufaransa na Ujerumani zilipigana 1870, zikapigana 1914, zikapigana 1939. Mwaka 1951 zikaweka makaa ya mawe na chuma chini ya mamlaka moja pamoja na nchi nyingine nne. Lakini someni mkataba wao wa Januari 1963. Sehemu kubwa yake ni ratiba: wakuu wa nchi wakutane angalau mara mbili kwa mwaka, mawaziri wa mambo ya nje kila miezi mitatu, wawe na jambo la kuzungumza au wasiwe nalo. Nilipousoma mara ya kwanza nilifikiri ni wa karani mwenzangu.

Karatasi bila kikao ni jambo jingine. Mwaka 1994, Budapest, Ukraine ilikubali kuachana na silaha za nyuklia na ikaahidiwa kwamba mipaka yake itaheshimiwa. Karatasi ile ilitaja pia kwamba wahusika watashauriana mambo yakiharibika. Mwaka 2014 yalipoharibika na mkutano ukaitishwa Paris, Urusi haikuketi.

Basi narudi Goma. Marais wa Kongo na Rwanda walikuwa wakutane Luanda katikati ya Desemba 2024. Kikao kilivunjika siku hiyo hiyo. Wiki sita baadaye, Goma. Sisemi kwamba kukutana kungeizuia vita ile. Ina madini ndani yake, ina wakimbizi wa miaka thelathini, na yuko mtu anayeketi huku ameshaamua kupigana. Hilo lipo na litawaumiza. Ninachosema ni kwamba kuwa Jumuiya moja hakukupi amani, kama vile kuwa na cheti cha ndoa hakukupi chakula cha jioni. Mtu lazima apike, na kesho apike tena. Kijana uliyeniuliza, ukitaka kujua Kenya na Uganda zitakuwa na amani miaka hamsini ijayo, usiniulize mimi. Uliza ni nani atakayeandika kumbukumbu nikistaafu. Nimekuangalia ukiandika, una mwandiko mzuri.

Alhamisi tunakwenda Samia. Matatu ya Busia inatoka hapa saa kumi na mbili asubuhi, na barabara ya kushuka ziwani ni mbaya mvua ikinyesha, kwa hiyo vaeni viatu vya kweli. Kila mmoja aje na daftari lenye mistari na kalamu mbili, ya pili ni ya mwenzako wa upande wa pili. Tutakuwa na jina moja la aliyezama, tutaanza nalo. Yule mzee atakuja. Siku hizi anashikwa mkono kushuka kwenye boti. Mkitangulia kufika mtakuta viti vimeegemezwa ukutani chini ya mwembe. Msivipange. Ngojeni boti ifike, mvipange pamoja nao.