Usitume hiyo advansi ya demo, soma hapa kwanza

Acha kwanza mdogo wangu. Umeuliza demo ya sauti, yaani ile sampuli ya sauti yako unayompelekea mteja akupe kazi, iwe ya urefu gani, ununue maiki ipi, uchaji shilingi ngapi na uanze kupeleka wapi, lakini mimi nimegota pale uliposema kuna studio wanakupa "pakeji kamili", demo ya dakika tatu, sauti nane tofauti, biti, efekti, kila kitu, na wanataka nusu ya hela leo. Pakeji hiyohiyo niliuziwa mimi hapa Dar na jamaa mwenye studio anayefundisha kozi ya kuingiza sauti, na iliniharibia mteja ambaye mpaka leo simpati.

Ilikuwa hivi. Tulirekodi sentensi mojamoja, nikikosea anasema rudia, anachagua iliyokaa vizuri anaunganisha, akakata pumzi zote, akaongeza besi, akaweka na mwangwi kidogo, nikasoma habari, nikatangaza sabuni, nikalia kitoto, nikapiga na zile sauti za kutafsiri muvi za kibandani. Demo ilitoka tamu hatari. Nikaipata kazi kweli, sauti ya simu ya taasisi moja ya mikopo, zile za "karibu, kujua salio lako bonyeza moja", wakanitumia skripti wakasema turekodie aya moja tu leo jioni tusikie, na kila wakibadilisha huduma utakuwa unatuongezea sentensi.

Sasa nikarekodi wapi? Chumbani. Sakafu ya marumaru, juu bati, feni inazunguka, jirani ana jogoo. Sauti ikatoka ina mwangwi wa bafuni, kila P inapasuka, kila S inapiga mluzi. Wakapiga simu, yule dada akauliza kwa upole tu, "samahani, kwenye demo ni wewe mwenyewe?" Nikamkimbilia jamaa wa studio, akasema kila nikija kurekodi nalipia sesheni, na sesheni yake ilizidi hela ya kazi yenyewe! Na kinachoniuma mpaka kesho ni kwamba alijua, maana siku ya kwanza aliniuliza nyumbani narekodia nini, nikamwambia, akanyamaza akaendelea kunihesabia bei ya pakeji. Mtu anakula hela ya kodi yako huku anaona kabisa shimo ulilosimama.

Kwa hiyo shika hili hata kama mengine utasahau: kitu usichoweza kukirudia kesho asubuhi, peke yako, chumbani kwako, kisiingie kwenye demo. Mteja akisikia demo anajua ndiyo kazi atakayoipata.

Anza na chumba basi, maiki baadaye. Kaa karibu na kabati lenye nguo nyingi, simamisha godoro nyuma yako, tandika blanketi zito (kanga haisaidii, nyepesi mno), zima feni na friji. Fungua Audacity, programu ya kurekodi, ni ya bure, rekodi sekunde kumi za kimya uangalie mita ya sauti. ACX, wale wa vitabu vya sauti wa Amazon, wanataka kelele ya chumba isizidi desibeli -60, jipime kwa hicho hata kama vitabu huna mpango navyo. Mdomo ukae kama shubiri moja kutoka kwenye maiki, na uielekeze pembeni kidogo P zisipasuke.

Urefu ni sekunde 60 mpaka 90, dakika tatu hakuna anayemaliza. Sauti yako ya kawaida, ile unayoongea nayo, iwe ya kwanza, na usianze na muziki mrefu maana anayesikiliza ana demo za watu wengi mbele yake. Matangazo yawe na demo yake, maelezo ya makala na mafunzo yake, na kama unataka tamthilia, hizi za Kichina na Kituruki zinazotiwa Kiswahili, tengeneza nyingine kabisa kwa sababu kule unafuata mdomo wa mtu.

Halafu weka sehemu moja yenye bei, tarehe na namba ya simu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanajikwaa, unasikia mtu kasoma vizuri akifika 1,250,000 anapanda milima. Na R na L zako ziwe safi, "kulipa" ikitoka "kuripa" kwenye tangazo la benki kazi imeenda. Usiigize lafudhi ya Mombasa kama wewe ni wa Mwanza, mteja wa Mombasa atakujua kwenye neno la pili.

Bei na ejensi wadau wengine watakuja kukujibu, mimi nimechoka kuandika. Leo usiku rekodi aya moja hapo ulipo, bila biti bila efekti, itupie humu tuisikilize, na jamaa akikupigia mwambie hela haijatoka.