Rangi za barabarani Ntinda: usichimbe kwanza

Ndugu uliyeuliza kama unaweza kuchimba msingi wa ukuta palipopulizwa rangi nyekundu na bluu hapo Ntinda, Kampala: ngoja. Kwa mfumo wa Marekani wa kuonyesha kebo na mabomba yaliyofukiwa ardhini, nyekundu ni umeme, bluu maji ya kunywa, kijani majitaka, rangi ya chungwa simu na intaneti, njano gesi au mafuta. Nyeupe huonyesha panapotarajiwa kuchimbwa. Pinki ni ya wapima ardhi tu. Usichanganye na rangi za kiwandani, maana huko njano ni tahadhari na nyekundu ni hatari au vifaa vya kuzima moto.

Ila aliyepuliza hapo huenda ana mfumo wake. Muulize mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) nani walikuja kupima, kisha wapigie watu wa maji na wa umeme.

Na rangi haikuambii kina! Nusu mita kila upande wa alama, weka sululu pembeni, tumia koleo taratibu. Ukikuta utepe wa plastiki wa onyo, simama hapohapo, kebo au bomba liko chini yake. Fundi wetu alidhani ni takataka, akaukata. Mtaa ulikaa siku mbili bila intaneti.