Herufi mbili zilizonila miezi saba

Wiki iliyopita binti mmoja aliyeanza shahada ya uzamili aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimepewa mada ya nyuropeptaidi za minyoo ya mbuzi, wenzangu wananicheka. Nibadilishe?"

Marahaba mdogo wangu. Nilikuwa nakula, nikasukuma sahani pembeni. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, na mkubwa niliyemuuliza akasema mbele ya darasa zima kwamba mtu mwenye akili zake haendi kutafuta ubongo wa mnyoo. Darasa likaangua kicheko. Nikacheka nao. Mpaka leo nikikutana naye kwenye mikutano namsalimia vizuri sana, vizuri kupita kiasi.

Kwa mliokuja leo: mnyoo wangu ni Haemonchus contortus. Anakaa kwenye tumbo la nne la mbuzi na kondoo na kazi yake ni kunyonya damu. Jike ukimtazama utadhani ni uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja: wekundu ni utumbo uliojaa damu, weupe ni mirija ya mayai inayouzunguka. Anataga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Mbuzi mwenye minyoo hiyo kwa maelfu anapauka kope, anavimba chini ya taya, halafu asubuhi moja unamkuta amelala na haamki.

Mnyoo huyu ana neva chache mno. Binamu yake wa maabara, C. elegans, ana seli za neva 302 tu. Lakini neva hizo zinapelekeana ujumbe kwa vipande vifupi vya asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini, vya aina nyingi ajabu. Hivyo ndivyo nyuropeptaidi: kimoja kinakaza msuli, kingine kinaulegeza. Dawa tunazowanywesha mbuzi nazo nyingi zinapiga hapohapo kwenye neva na misuli. Levamisoli inakaza msuli mpaka mnyoo anapooza, ivamektini inamlegeza. Shida ni kwamba minyoo imezizoea. Ndiyo maana watu wanatafuta mlango mwingine kwenye neva zilezile.

Basi, peptaidi yangu ilikuwa KHEYLRF-amidi: kila herufi ni asidi amino moja, ziko saba, na amidi ni kikundi kidogo cha kemikali kinachokaa mkiani. Imeshakutwa kwa mnyoo mkubwa wa nguruwe, imekutwa kwa Haemonchus pia. Niliandika maombi ya fedha (hapo naruka mwaka mzima, hakuna cha kusimulia), nikaagiza nje.

Mzigo ukakwama uwanja wa ndege siku kumi na moja. Nilipoupokea barafu ilikuwa imeyeyuka, boksi limelegea kama mkate uliolowa. Nililia pale pale kaunta. Afisa akaniuliza, "Kwani kulikuwa na nyama?"

Nikaanza majaribio hivyo hivyo. Saa kumi usiku niko machinjioni na chupa ya chai yenye maji ya chumvi ya vuguvugu, maana mnyoo akipata baridi amekwisha. Wachinjaji walinizoea, wakawa wananiita Mama Minyoo na kunitengea matumbo. Unapasua tumbo la nne, unasuuza taratibu, wale wekundu wanabaki wameng'ang'ania ukuta, wanajipinda. Unawahi maabara. Unafunga kipande cha jike kwa uzi mwembamba wa upasuaji, unakining'iniza kwenye kibafu, ncha moja kwenye kipima mvuto. Unaweka asetilikolini, kemikali ya neva inayokaza msuli: mstari kwenye skrini unapanda. Unasafisha, unaweka peptaidi kwanza, kisha asetilikolini tena. Waliotangulia waliona mstari unapanda zaidi ya mwanzo. Wangu ulipanda vilevile, wala haukushtuka.

Miezi saba. Nililaumu uwanja wa ndege. Nililaumu umeme, maji, mikono yangu. Nikaamini hasa kwamba barafu ile ndiyo iliyoniua, na nikawa namsimulia kila mtu.

Siku naandika barua ya kubadilisha mada, nikafungua boksi nitoe namba ya mzigo niiambatishe kama ushahidi wa kuonewa. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokuja na kichupa, bado imekunjwa. Nikaisoma. Mwisho wa mfuatano wa peptaidi imeandikwa -OH. Siyo -NH2.

Yaani peptaidi niliyokuwa nayo haikuwa na amidi mkiani. Tofauti ya uzito haifiki hata daltoni moja, yaani karibu uzito wa atomu moja ya haidrojeni, lakini bila ule mkia kipokezi cha mnyoo, ile sehemu ya seli inayopokea ujumbe, hakiitambui. Na fomu ya kuagiza nilijaza mwenyewe: kisanduku cha mkia nilikiacha kilivyokuwa. Halafu, mnisikie, peptaidi ilikuja kama unga mkavu. Unga ule ungevumilia siku kumi na moja za joto bila taabu yoyote. Barafu haikuwa na hatia. (Siku kumi na moja bado ni aibu, hilo silifuti.)

Nikaagiza nyingine. Jumatano moja saa tano usiku mstari ukapanda, ukapita alama ya mwanzo, ukaendelea. Nilimwita mlinzi aje aone. Akaja, akatazama, akasema hongera.

Kwa hiyo mdogo wangu, usibadilishe. Soma karatasi iliyokuja na kichupa. Fanyia mazoezi mnyoo wa nguruwe kwanza, ni mkubwa, unamshika kwa vidole. Ukishazoea ndipo uingie kwa huyu wa mbuzi. Na soma karatasi. Nyinyi vijana mnapenda kupiga picha na koti jeupe, mnapenda kusema "utafiti wangu", lakini ukiulizwa kichupani mna nini unataja jina la kampuni. Wanaokucheka waache wacheke, wengi wao wanafanya mada waliyorithi, matokeo yameshajulikana. Mimi sikurithi kitu. Tena soma karatasi kabla hujamlaumu mtu.

Na usiende nyumbani na peptaidi mdomoni. Baba yangu mdogo anafuga mbuzi Kongwa. Nilipomaliza aliniambia, "Mwanangu, umesoma minyoo miaka mitatu, mbuzi wangu bado wanakufa." Sikuwa na jibu, nikampelekea kadi ya FAMACHA, ile ya kutoka Afrika Kusini yenye rangi tano, kutoka nyekundu hadi nyeupe. Tukashika mbuzi mmoja mmoja, tunafunua kope ya chini, tunalinganisha. Tukawanywesha dawa waliopauka tu, wengine tukawaacha, ili minyoo isizoee dawa upesi. Alibisha sana. Kwake dawa ni ya zizi zima au hakuna.

Juzi kanipigia. "Yule beberu wa namba nne kanyanyuka. Sasa hiyo dawa yako inaingia lini madukani?" Nikamwambia bado. Akasema basi nimtumie kadi nyingine, ile ya kwanza imenyeshewa.